Mzee Jailos wa Mashine, Santuri za Kantri na Neno Nkima

Siku ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 1978, saa tisa alasiri, Mzee Jailos Andendekisye atazima injini ya kiwanda chetu cha kukoboa mpunga hapa Rujewa kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita na karibu miezi minne, tangu Jumatatu ya tarehe 3 Machi 1952 alipokabidhiwa kopo la grisi na kuonyeshwa pa kupaka.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Mama Helena wa chumba cha wapepetaji, niandike habari zake katika karatasi hii. Nimesoma mpaka darasa la pili kwetu Ilula, mengine nimeyaokota kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mtanivumilia. Wamesema nisizidishe ukurasa mmoja. Nitazidisha. Kwa nini nimechaguliwa mimi, sikuambiwa, lakini nadhani ni kwa kuwa katika kiwanda hiki chote ni mimi peke yangu niliyewahi kumshitaki Mzee Jailos.

Niseme na jambo jingine mapema, maana Rujewa nzima inalijua na kulificha ni kazi bure. Wiki tatu zilizopita Mzee Jailos alikuja nyumbani kwangu amevaa koti, mshenga wa Nkuba, yule mbebaji wa magunia, kumposa binti yangu Helena. Anataka jibu kabla hajapanda basi la kwenda kwao Rungwe, Jumapili ya tarehe 2 Julai. Leo ninapoandika zimebaki siku tisa na jibu sina. Kichwa kimenichanganyikia, na kilichonichanganya ni nyimbo, na nyimbo zenyewe ziliingia kiwandani kwa mkono wa huyu huyu Mzee Jailos. Basi nikisimulia kazi yake itanibidi nisimulie na hayo. Nimejaribu kuvitenganisha, imeshindikana.

Mzee Jailos alizaliwa Rungwe mwaka 1923. Alikuja Usangu akiwa kijana, akitafuta mahali ambapo mvua hainyeshi kila siku, ndivyo anavyosema mwenyewe. Wakati huo mashine ilikuwa mali ya Bwana Vinubhai, mfanyabiashara. Kazi ilikuwa kupaka grisi, kufunga mkanda na kuzungusha hendeli asubuhi mpaka injini ikubali. Mwaka 1955 hendeli ilirudi nyuma ikampiga kidevuni, na ndiyo sababu mpaka leo akicheka kidevu huenda upande wa kulia. Watoto wa hapa wanadhani Wanyakyusa wote hucheka hivyo.

Mwaka 1961 akafanywa fundi, na mwaka 1969 kiwanda kilipokuwa cha ushirika akawa msimamizi wa mashine. Sikio lake ni la ajabu. Siku moja tulikuwa tunakula, akasimama na tonge mkononi akasema, "Beringi inalia." Sisi hatukusikia kitu. Mama Asukile, mwenzangu katika kupepeta, akamwambia, "Baba, kinacholia ni tumbo lako, kaa ule." Hakukaa. Walipofungua mashine, beringi ilikuwa ya moto kiasi cha kuchoma kidole. Ingeendelea nusu saa zaidi, tungekaa mwezi mzima bila kazi.

Na mchele wake hauna chenga. Anajua mwendo ambao punje inavuliwa kapi bila kuvunjika. Wanunuzi kutoka Mbeya wakifika, hutia mkono ndani ya gunia, huchota, hutazama, halafu huuliza, "Huu wa Jailos?" Wakiambiwa ndiyo, hawachoti tena.

Jambo lingine ni salamu zake. Anasimama langoni asubuhi na kumsalimu kila mtu kwa lugha ya kwao. Mimi huniambia kamwene, kama niko Ilula. Wasangu anawasalimu Kisangu, Nkuba na wenzake anawaambia mwangaluka. Mtu akija ambaye hajulikani kabila, Mzee Jailos hukaa kimya kwanza, amsikilize anavyokohoa.

Sasa nifike kwenye santuri.

Bwana Vinubhai alipohama mwaka 1970 alimwachia Mzee Jailos gramafoni na santuri kumi na moja. Shemeji yake Vinubhai, Mama Hemlata, alibaki na duka la vitambaa, na bado yupo. Kiwanda kilikuwa kimenunua kipaza sauti cha kutangazia kazi. Mzee Jailos akaunga nyaya anazozijua yeye, na tangu siku ile, kuanzia saa sita mchana mpaka saa saba, Rujewa ikawa inakula na santuri.

Zilikuwa nyimbo za Kizungu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Gitaa linalia kama linavutwa, na mwanamume anaimba polepole, sauti ya mtu mwenye mafua anayeomba msamaha. Mzee Jailos alituambia zinaitwa kantri, maana yake nyimbo za shamba. Tukasema basi ni zetu, sisi ni watu wa shamba. Maneno hatukuyajua hata moja. Lakini tulikuwa tunapumzika. Unakaa na ungo mapajani, kwapa zimechoka, mtu anakuimbia taratibu kama hana haraka na wewe. Wanaume wetu hawajui kusema hivyo. Nilikuwa nikimsikiliza yule mtu ninawaza kwamba kuna mwanamke huko aliyebahatika.

Santuri moja tuliipenda kupita zote, ile yenye karatasi ya kijani katikati. Ilikuwa na kinanda nyuma, na mwishoni waliitikia wengi pamoja. Sisi tukajua ni wimbo wa kanisani. Tukaishika, tukaivumisha kwa midomo, na ikawa ndiyo ya kumuaga bibi harusi. Binti wa mpepetaji akiolewa, Mzee Jailos anabeba gramafoni kichwani mpaka nyumbani kwao, anaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na sisi tunasimama tumeinamisha vichwa. Mabinti wanane tumewaaga hivyo.

Nkuba alikuja mwaka 1973 na ndugu zake na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Alipoanza kubeba magunia, alianza na majigambo. Majigambo hayaimbwi. Yanasemwa, tena upesi, kila neno linakanyaga mlio wa injini, tu-tu, tu-tu, na gunia liko mgongoni. Anajisifu yeye, anasifu ng'ombe wake, anawataja wanawake, anawacheka wenzake, na wenzake nao wakipokea gunia wanajibu. Jina lake lenyewe kwa lugha ya kwao ni radi, kwa hiyo hakosi pa kuanzia. Sisi kina mama tulikuwa tunasonya. Tuliona saa sita ni ya watu wenye adabu na saa nyingine ni za Nkuba.

Mwezi Oktoba mwaka 1976 Helena alikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu Iringa. Aliniletea uji. Nkuba akapita na gunia, akamwona, akaanza:

Mimi Nkuba, mwana wa ngurumo,
gunia mgongoni kama mto wa pamba,
nkima nitakayemwoa anasoma vitabu,
mdomo wake mkali kama mashine ya Jailos,
nikichelewa ataficha ugali,
nikiuliza atanifungia mlango,
ng'ombe thelathini na bado sijamaliza,
Helena, Helena, zizini ndiko nitalala.

Haya nayaandika leo kwa kuwa baadaye aliyarudia polepole. Siku ile nilisikia jina la mwanangu na neno moja. Kima. Nilimsikia mtu mwenye gunia anamwita mtoto wangu nyani mbele ya wanaume arobaini, na wanaume arobaini wanacheka, na Mzee Jailos pale kwenye injini anacheka, kidevu kimeenda kulia.

Nilisimama, ungo ukaanguka. Mimi nimemlea Helena peke yangu tangu ana miaka minne. Nilisema sitakubali.

Siku zile nilikuwa siwezi kuandika barua ikasomeka. Wapepetaji wote tulikuwa tunaandikiwa na Mzee Jailos siku ya Jumamosi, yeye amekaa juu ya debe, sisi tumepanga foleni na bahasha. Sikuwa na mwingine. Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Baba, nataka kukushitaki. Naomba uniandikie."

Akafuta grisi mikononi. "Kosa langu nini, Mama Helena?"

"Umemwachia Nkuba amtukane mwanangu. Wewe ndiye mkubwa pale."

Akaandika. Akanisomea alichoandika, na kilikuwa kile kile nilichosema. Halafu akanitazama. "Umesahau moja. Nilikuwa nacheka. Nitie?"

Nikamwambia atie. Akatia, kwa mwandiko ule wake uliolala vizuri, kwamba msimamizi aliyetajwa hapo juu alikuwa akicheka. Nikabonyeza dole gumba. Barua akaipeleka kwa kamati yeye mwenyewe, maana alikuwa anapita huko.

Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, Bwana Sedekia, hakuficha kitu. Alisema ikithibitika, Mzee Jailos atatolewa kwenye mashine na kuwekwa langoni awe mlinzi, na Nkuba atafute kazi kwingine. Nilipolisikia lile la langoni nilishtuka kidogo. Lakini nilikuwa nimekwisha bonyeza.

Tulikaa katika ghala la magunia. Bwana Sedekia akamwuliza Nkuba, "Ulimwita mtoto wa watu kima?"

"Nilimwita nkima."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo hiyo, Mwenyekiti. Kwetu nkima ni mwanamke. Mama yangu ni nkima. Dada yangu Ng'washi ni nkima."

Mama Asukile akasema kutoka nyuma, "Basi kwenu wote ni kima."

"Na kwenu mwanamke mnamwitaje?" Nkuba akaniuliza mimi, kwa heshima.

Nikamwambia kwetu Wahehe ni mdala.

"Mimi nikisikia mdala sijui kama ni mtu au ni chombo cha kupikia," akasema. "Lakini nitauliza kwanza, mama. Sitabonyeza."

Watu wakacheka, na mimi nikaona aibu, na nikiona aibu huwa nakuwa mkali. Nikasimama nikasema, hata kama ni mwanamke, mbona anamtaja kwa kelele, kwa kumhesabia ng'ombe, kwa kumwambia ana mdomo kama mashine? Mbona wale wa kwenye santuri wanamwimba mwanamke kwa heshima? Wao pia si wachunga ng'ombe? Kamati iisikilize ile santuri ya kijani, halafu iseme yenyewe nani anamheshimu mwanamke.

Laiti ningekaa.

Bwana Sedekia akaagiza gramafoni iletwe, na Mama Hemlata aitwe dukani atufasirie, kwa sababu alisoma Kiingereza tangu utotoni. Akaja na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni. Mzee Jailos akaweka sindano. Sisi wapepetaji, kwa mazoea, tukainamisha vichwa.

Mama Hemlata akasikiliza, akasema, "Huyu mtu yuko baa."

Tukainua vichwa.

"Anaongea na anayeuza pombe. Anasema mke wake ameondoka. Amevua pete akaitia ndani ya kopo la sukari, akapanda treni." Akasikiliza tena. "Anasema sukari yote imekuwa chungu. Anaomba glasi nyingine."

"Na hao wanaoitikia mwisho?" nikauliza. Bado nilikuwa natumaini.

"Ni walevi wengine."

Mama Asukile alishika kichwa. "Mabinti wanane tumewaaga na wimbo wa mke aliyekimbia."

"Wa kwako alikuwa wa tatu," mtu akamkumbusha.

"Ndiyo maana alirudi mwezi Machi."

Tukamtaka Mama Hemlata afasiri na nyingine mbili tatu. Katika moja mwanamke amekufa, na mwanawe analia kwamba hakuwahi kumshukuru kwa kupiga pasi mashati. Katika nyingine msichana amekaa dirishani, anamsubiri dereva wa lori ambaye kila jioni yuko mji mwingine. Mwanamume anamwita malaika, anamwita nyota, na lori halirudi. Mama Asukile akauliza, huyo mchunga ng'ombe gani, nyimbo tatu nzima hajatoa hata ndama mmoja. Mama Hemlata akaifunga futi yake mkononi, akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema nyimbo hizi amezisikia tangu ni mtoto, na hata siku moja hajamsikia huyo mwanamke akisema mwenyewe kwa nini aliondoka.

Mimi nikamgeukia Mzee Jailos. Anajua Kiingereza cha mashine, na cha Vinubhai. Nikamwuliza, "Baba, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikuwa unatubebea gramafoni mpaka nyumbani?"

"Mlikuwa mnaimba vizuri," akasema. "Na mlikuwa mmeshaitia maana yenu. Niwavue?"

Bwana Sedekia akaniambia, haya, Mama Helena, ulitaka kamati iseme nani anamheshimu mwanamke. Wewe ndiye mwenye mashitaka. Sema wewe.

Nilisimama pale, nikatazama gramafoni, nikamtazama Nkuba, nikasema, "Sijui."

Mashitaka yakafutwa. Mzee Jailos akarudi kwenye injini, na Nkuba kwenye magunia. Mimi nilimfuata Mzee Jailos kumwomba radhi, akanijibu, "Siku nyingine ukitaka kunishitaki uandike mwenyewe, mkono wangu unachoka." Jumatatu iliyofuata nilijiandikisha kisomo. Kama mnaweza kuisoma karatasi hii, mjue ilianzia pale.

Ni yeye pia aliyeiomba kamati kwamba kila Alhamisi, saa ya chakula, kipaza sauti kiwe cha kina mama. Alisema tumewasikiliza wachunga ng'ombe wa pande zote mbili, zamu imebaki moja. Alhamisi ya kwanza alimpa Mama Asukile chombo, akatoka nje. Kwa dakika tano mji mzima ulisikia Mama Asukile anapumua. Halafu akauliza nani amechukua ungo wake wenye utepe mwekundu. Ndivyo tulivyoanza. Siku hizi tunasema mengi, wanaume wengine wanahamia kivuli cha mbali kula huko, lakini nikiwa mkweli bado hatujui vizuri la kusema juu yetu wenyewe. Ukiwa umezoea kutajwa na mwingine, ukipewa nafasi ya kujitaja unatafuta maneno kama mtu anayetafuta mawe ndani ya mchele.

Kiwanda kinamshukuru Mzee Jailos kwa mengine mengi. Aliwafundisha mafundi sita. Mwaka 1974 maji yalipofurika alilala kiwandani siku tatu ili magunia yasilowe. Katika miaka yote hakuna mkono wa mtu uliokamatwa na mkanda wa mashine yake, kwa kuwa kila asubuhi kabla ya kuwasha alikuwa anatukagua kina mama ncha za kanga, na akiona inaning'inia anasema, "Funga hiyo, mashine haijui kuomba samahani."

Sasa turudi kwenye jambo lenyewe.

Wiki tatu zilizopita, kama nilivyosema, alikuja na koti. Barua ya posa ilikuwa kwa mwandiko wake, ule ule uliolala. Nilipoifungua nikadhani ni ile barua yangu imerudi. Barua ilikuwa fupi. Ilisema Nkuba anamwomba Helena, ng'ombe wako tayari, na Helena atafundisha popote atakapopangiwa. Nikamwambia Mzee Jailos, "Hii barua imetulia sana. Nkuba ninayemjua hasemi hivi."

Akasema, "Alisema kwa majigambo, mama. Nikamwambia aseme tena akiwa amekaa chini bila gunia. Hayo ndiyo yaliyobaki."

Tangu siku ile napepeta na kuwaza. Yule wa kwenye santuri anamwita mwanamke malaika, anakiri makosa yake, analia kabisa, na mimi napenda mwanamume anayekiri. Lakini mwanamke wake hayupo nyumbani hata wimbo mmoja. Ama amekimbia, ama amekufa, ama yuko dirishani. Huyu wa kwetu hajawahi kukiri kosa tangu alipokuja Rujewa, na anamtia mwanamke katika hesabu moja na ng'ombe, jambo ambalo linanichoma. Lakini mwanamke wake yupo. Anaficha ugali. Anafunga mlango kwa ndani, na radi mzima analala zizini. Sasa nani kati ya hawa anamwogopa mwanamke, nani anampenda, nani anamdharau? Nikiamua asubuhi, mchana nimegeuka. Nilimwuliza Mama Asukile akasema wote ni waongo, tofauti ni mwendo tu, mmoja anadanganya polepole. Nilimwuliza Mama Hemlata akasema mumewe hakuimba hata siku moja, na alikuwa mtu mzuri. Hilo ndilo lililozidi kunichanganya.

Nikajiuliza pia kama hofu yangu ni ya nyimbo kweli. Watu wa Nkuba wanahama na ng'ombe. Leo wako hapa, kesho malisho yamekwisha. Mimi mwanangu ni mmoja.

Basi nilimwandikia Helena chuoni, kwa mkono wangu, kurasa nne. Nilimweleza santuri zote na majigambo yote, nikamwomba anisaidie kupima. Jibu limefika juzi, limeletwa na dereva wa basi. Ni nusu ukurasa. Anasema hivi:

"Mama, shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili. Mimi siolewi na wimbo, wala wa Marekani wala wa Nkuba. Nitafika Jumamosi, tarehe mosi. Mwambie Mzee Jailos asipande basi kabla hajaja nyumbani na kalamu. Nina maneno yangu ya kumpelekea Nkuba, ni mengi, mengine matamu na mengine si matamu, na nataka ayaandike mtu asiyepunguza. Wewe usijali. Upike."

Nimeisoma barua hii mpaka imechanika kwenye mkunjo. Sijui maneno matamu ni mangapi. Nimejaribu kumhoji dereva wa basi kama Helena alikuwa anacheka alipompa bahasha, akasema yeye alikuwa anatazama tairi.

Kwa hiyo, Mzee Jailos, hapa naacha kuandika habari zako na nakusemesha wewe mwenyewe, kamati inisamehe. Sherehe ni Ijumaa, mwisho wa kazi. Tutakuimbia, na tumekubaliana tutakuimbia ile ya kijani, kwa maana yetu. Jumamosi saa nne asubuhi uje kwangu na kalamu na karatasi za kutosha. Usije na koti, kuna joto. Nkuba nimemwambia akae kwao asubiri, na kama atashindwa kusubiri, apepete mpunga.

Wapepetaji, wabeba magunia, mafundi na makarani wa kiwanda hiki wanakushukuru kwa kila asubuhi uliyotuwashia injini na kila jioni uliyoizima tukiwa na vidole vyote. Ndaga fijo, kama mnavyoshukuru kwenu. Huko Rungwe mvua ikukute umeshaezeka, migomba yako ikubebee mikungu, na ukipata jirani mpya umsikilize anavyokohoa kabla hujamsalimu. Tunakuombea uzee usio na haraka, na mwenzako wa nyumbani awe na maneno mengi.

Kuku nimekwisha mfunga mguu. Sijui ni kuku wa ndiyo au wa hapana. Vyovyote vile utakula kwanza, ndipo uandike.

Mama Helena (Evarista),
chumba cha wapepetaji,
Rujewa, 23 Juni 1978